Nishani isiyosema umefanya nini



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, jirani yangu mmoja hapa Dodoma alipiga hodi nyumbani akiwa na kopo la biskuti mkononi. Ni mzee mwenyeji wa Kondoa, mstaafu wa Jeshi la Wananchi. Alikaa, akakataa chai kwa kuwa alikuwa amefunga Alhamisi, akafungua kopo lake. Ndani mlikuwa na stakabadhi za zamani za kodi ya maendeleo, picha moja iliyoliwa na mende, na nishani yenye utepe uliopauka. Ilikuwa Nishani ya Kagera.

"Mjukuu wangu kaipeleka kwa mtu wa vyuma chakavu," akaniambia. "Kawekewa kwenye mizani, kaambiwa haifiki hata robo kilo, karudishiwa."

Nikadhani amekuja kumshitaki kijana ili nimkanye. La hasha. Alisema alipomuuliza kama anajua kile ni kitu gani, kijana alijibu bila wasiwasi kuwa ni medali. Ya nini? Kijana akanyamaza. Na hapo, anasema mzee, ndipo alipogundua kuwa kosa si la mjukuu. Miaka yote hiyo hajawahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba ile alifanya nini hata akapewa chuma kile. "Sasa Mwalimu, nimekuja uniandikie."

Nitarudi kwa mzee wangu huyu. Kwanza naomba tujifunze pamoja jambo ambalo ujio wake umenifanya nilifikiri kwa siku nyingi, nalo ni hili la kumpa mtu medali, nishani, tuzo au cheti. Tunafanya nini hasa tunapompa?

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha yetu ina hekima ambayo tunaipita kila siku bila kuitazama. Medali tumeichukua kwa Waingereza, nayo tumezoea kuiambatanisha na mashindano. Nishani ilitujia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama. Tuzo inatokana na kutuza, kile kitendo cha kumfuata mpiga ngoma au mwimbaji harusini na kumpa fedha pale pale mbele ya watu. Na kile anachotunukiwa kijana anayehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, akiwa na joho lake na wazazi wake wakipiga vigelegele, tunakiita shahada. Nani asiyejua shahada ni nini? Ni ushahidi. Chuo kinasimama mbele ya umma kinatoa ushahidi kuwa kijana huyu amesoma kitu fulani, kwa kiwango fulani, na sisi tumemwona.

Naam, hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Kumtunukia mtu ni kutoa ushahidi juu yake. Na ushahidi, kama ajuavyo kila aliyewahi kusimama mbele ya hakimu au kadhi, hautolewi kwa maneno ya jumla. Shahidi huulizwa: uliona nini?

Kijana wa Mampando

Tarehe 15 Septemba 2025, huku kwetu wengi wakiwa bado wamelala, Alphonce Simbu alikuwa anamaliza mbio za marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo. Simbu ni kijana wa kijiji cha Mampando, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, hapa hapa kwenye uwanda wetu wa kati. Ni askari wa JWTZ. Baada ya kilomita 42 na mita 195 aliingia uwanjani akifukuzana na Mjerumani Amanal Petros na Mwitaliano Iliass Aouani. Kwenye mita za mwisho Petros alikuwa mbele. Simbu akajirusha. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi itazamwe picha ya kwenye utepe ili kujua nani katangulia. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia moja za sekunde. Kufumba na kufumbua ni kitambo kirefu kuliko hicho.

Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983. Kabla ya hapo Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na mwaka 2017 akapata shaba mjini London katika mashindano haya haya ya dunia. Kwa miaka minane dhahabu ilimkimbia naye akaifukuza.

Ninachotaka ukitazame hapa si ushujaa wake peke yake. Tazama jinsi ushahidi ulivyotolewa. Hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani, kasoma wapi, anaswali msikiti gani au kanisa gani, nani kamleta. Umbali umepimwa, saa imehesabu, kamera imeona. Sidhani ni jambo la bahati kwamba watu wa uwanda huu, ambao hatuna bahari wala bandari na mvua yetu ni ya kubahatisha, tumeng'ara zaidi kwenye jambo ambalo kipimo chake hakina mjomba. Pale penye mizani ya wazi, mtoto wa mkulima wa Ikungi anapita.

Hata kwenye maonesho ya Nanenane pale Nzuguni nimeliona jambo hilo. Ng'ombe akiletwa mbele ya waamuzi huwezi kusema zamu hii tuwape idara ya utawala. Ng'ombe yupo, anaonekana mbavu zake.

Lakini njoo kwenye maofisi yetu.

Zamu ya idara yetu

Mimi mwenyewe ninacho cheti cha mfanyakazi hodari. Nilipewa Mei Mosi ya miaka mingi iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja. Kimewekwa kwenye fremu, kimepigwa muhuri, na kimeandikwa kuwa nimepewa "kwa kutambua mchango wako mkubwa katika maendeleo ya ofisi". Mchango gani? Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kuwa mwaka ule ilikuwa zamu ya idara yetu, na wenzangu wawili walikuwa safarini.

Katika ofisi hiyo hiyo alikuwepo mama mmoja wa masjala. Ulikuwa ukimtajia jina la mtu anakwambia jalada lipo kabati la ngapi, tena lilitoka mara ya mwisho lini na nani alilichukua. Mama huyu alifanya kazi mpaka akastaafu bila kupata hata ile fremu. Masjala haikuwahi kupata zamu kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa idara. Haukupita muda mrefu tangu aondoke, majalada ya wastaafu watatu yakapotea, na mmoja wao alizungushwa zaidi ya mwaka mzima akifuatilia mafao yake. Hapo ndipo watu walipoanza kumsifu yule mama. Alikuwa amesharudi kwao Mpwapwa, analima karanga.

Nakiri, ndugu msomaji, kuwa cheti changu siku hizi kinanifedhehesha. Sikuiba kitu. Ila nikikitazama namwona yeye.

Hasara ya cheti cha zamu si kwamba kimempa asiyestahili. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kuwa wale wanaotazama wanajifunza. Kijana aliyeajiriwa mwaka ule alituona, akaelewa kuwa hapa hakuna anayetazama kazi. Baada ya somo hilo, semina mia za uwajibikaji hazimbadilishi.

Wapo watakaosema kuwa haya yote hayatuhusu, kwamba Muislamu hatafuti kusifiwa na watu, malipo yake yapo kwa Mola wake, na kupenda nishani ni riya. Hoja hii ni nzito wala siidharau. Sote tumefundishwa habari ya mwanachuoni, mpiganaji na mtoaji ambao amali zao zitawageukia kwa kuwa walizifanya ili watajwe. Na tumekatazwa kummiminia mtu sifa usoni hadi tukamuangamiza. Lakini hayo ni maonyo juu ya moyo wa anayepokea na ulimi wa anayezidisha. Hayamwondolei jamii wajibu wake. Tumefundishwa vile vile kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu.

Na hebu tutazame Mtume (s.a.w) mwenyewe alivyowatambua masahaba zake. Imepokewa kuwa aliwataja kila mmoja kwa fani yake: Ubayy bin Kaab kwa usomaji wa Qur'an, Zayd bin Thabit kwa elimu ya mirathi, Muadh bin Jabal kwa kujua halali na haramu, Abu Ubayda kwa uaminifu. Khalid bin Walid baada ya Mu'ta akaitwa upanga miongoni mwa panga za Mwenyezi Mungu. Je, umeona? Hapana "mchango mkubwa" hapo. Kila mmoja ametajiwa kile anachokiweza, na Zayd alikuwa bado kijana mdogo kuliko wengi waliokuwa wakimsikiliza. Mtu akiwa na tatizo la mirathi alijua aende kwa nani. Sifa ile ilikuwa pia maelekezo kwa umma.

Sayyidna Umar (r.a) naye, alipoweka daftari la posho kwa Waislamu, aliwapangia Muhajirina wa mwanzo dirham 4,000 na mwanawe Abdullah akampangia 3,500. Watu wakamuuliza, kwani huyu si Muhajirina? Hoja yake ilikuwa kwamba huyu alihama akiwa amechukuliwa na wazazi wake, hawi sawa na aliyehama kwa miguu yake mwenyewe. Dirham 500 za tofauti, na sababu imesemwa hadharani, tena dhidi ya mtoto wake wa kumzaa! Nani kati yetu, akiwa mwenyekiti wa kamati ya tuzo, ameweza hilo?

Orodha iliyoondolewa

Kuna jambo moja limenisumbua tangu mwaka 2023, na sina uhakika kama wasomaji wangu wote watakubaliana nami. Januari mwaka huo Baraza la Mitihani la Taifa lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022 lilieleza kuwa halitatangaza tena wanafunzi kumi bora wala shule kumi bora. Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki. Watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana, na orodha ile ilikuwa imegeuka tangazo la biashara kwa baadhi ya shule.

Ni kweli kabisa. Mtoto wa bweni mwenye maabara na umeme usiku kucha, na mtoto wa shule ya kata kule Chemba anayetembea masafa na kurudi kuchunga mbuzi, hawakuanzia mstari mmoja. Simbu na Petros walianzia mstari mmoja.

Hata hivyo sikufurahi. Nilifundisha miaka mingi, na najua orodha ile ilivyokuwa ikibandikwa ukutani na watoto kuizunguka. Nimewahi kuketi jukwaa la wageni pale Bungeni siku wanafunzi waliofaulu walipoletwa, jina lao likasomwa na wabunge wakapiga makofi. Mmoja wa wale watoto, binti, alikuwa anatetemeka mikono. Sasa kama mizani ilikuwa na kasoro, dawa yake ilikuwa kuirekebisha, si kuiondoa sokoni. Ingewezekana kutangazwa shule iliyowatoa watoto chini kabisa ikawafikisha juu kiasi, hata kama haikuwa ya kwanza. Shule ya kata ikitoka hapo ilipo ikapanda ngazi tatu, mwalimu wake amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyepokea watoto waliochujwa akawabakiza pale pale. Hayo ni maoni yangu. Niliwahi kuyasema kwenye kikao cha wazazi nikaambiwa Mwalimu umestaafu, pumzika.

Anayeona ni nani?

Turudi kwenye ushahidi. Kipimo peke yake hakitoshi, lazima awepo aliyeona.

Mwaka 1968 mjini Mexico, John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishamaliza zaidi ya saa nzima iliyopita, na giza limeshaingia, ndipo Akhwari akaingia uwanjani na bandeji mguuni, akichechemea, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Wengine 18 walioanza naye walikuwa wameacha njiani. Kwa hesabu ya saa yeye ni wa mwisho. Lakini Mmarekani Bud Greenspan, mtengenezaji wa filamu, aliichukua habari ile akaionesha dunia, na dunia ikaelewa kuwa kumaliza nako kuna daraja yake. Mwaka 1983, miaka 15 baadaye, nchi yake ikampa nishani. Na baadaye Beijing nao walimkumbuka kwa ajili ya Olimpiki yao ya 2008.

Pasingekuwa na kamera? Angekuwa mzee mwingine wa Mbulu mwenye goti bovu.

Vile vile Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa Dodoma, aliyefariki Desemba 2003. Sina nia ya kuingia hukumu ya ngoma na ala leo, kila msomaji ana shekhe wake wa kumuuliza. Nasema tu kuwa zeze na ilimba vilikuwa vinapigwa Ugogoni tangu mababu, na wapigaji hodari walikuwa wengi. Yeye alipelekwa mjini enzi za Mwalimu Nyerere, akafundisha Bagamoyo, akarekodiwa mpaka Uingereza. Wengine walipiga wakafa, na mkono wao ukafa nao.

Na kama unataka kuona kazi iliyobaki bila jina, panda gari la Kondoa ushuke Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150, twiga, watu warefu wembamba, rangi nyekundu iliyostahimili jua na mvua kwa mamia na maelfu ya miaka. Dunia nzima imetoa ushahidi kuwa ni kazi kubwa. Imempa nani? Hapana jina hata moja. Nilisimama pale na wanafunzi wangu, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, aliyechora huyu twiga aliitwa nani?" Nikamwambia hajulikani. Akasema, "Basi hata mkewe hakumwambia mtu?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Sasa sicheki sana.

Maana nafikiria vyuo vyetu vya Qur'an. Hapa mjini wapo walimu waliosomesha vizazi vitatu, kwa ada ya sadaka ya Ijumaa na mkeka uliochanika. Mwalimu akifariki tunajaa, tunazungumza makaburini kuwa alikuwa mtu wa watu, tunarudi. Amehifadhisha wangapi? Wako wapi? Nani alianza kwake kisha akawa imamu, nani akawa daktari? Hakuna daftari. Tunafanya hafla, tunampa mgeni rasmi cheti cha shukrani kwa kuja kuchelewa saa mbili, na mwalimu anabeba viti. Ningependa siku moja nione msikiti unaomwita mwalimu wake angali hai, imamu anasimama na karatasi, anasoma: huyu amefundisha tangu mwaka fulani, waliokhitimu kwake ni hawa, simameni. Cheti si lazima. Wakisimama wale watu, inatosha.

Mzee wangu tulikaa naye jioni tatu. Alikuwa dereva wa lori. Vita vilipotangazwa Novemba 1978 alipelekwa Kagera, akavuka Mutukula, akapita Masaka, akafika Lukaya kwenye vile vinamasi ambako mwezi Machi 1979 walipigwa vibaya usiku na asubuhi wakajipanga upya. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili yeye alikuwa nyuma, gari limekata ekseli, na mpaka leo anaona aibu kidogo kulisema hilo. Nilimwambia kuwa waliofika mbele walifika na risasi alizozibeba yeye. Akasema, "Hiyo usiandike, andika ekseli."

Nikaandika ekseli.

Jioni ya tatu alimleta mjukuu wake. Kijana alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, simu mkononi, baadaye simu ikaingia mfukoni. Nilipomaliza kusoma nilichoandika, mzee akasema bado. Akataka juu kabisa, kabla ya jina lake, niandike majina ya wenzake wanne ambao hawakurudi. Mmoja alikuwa utingo wake. Majina matatu aliyataja mara moja. La nne lilimtoka, akalitafuta muda mrefu, akalitafuta mpaka adhana ya Magharibi ikaanza, na mjukuu akamuuliza, "Babu, alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Manyoni," akasema mzee. Halafu akalikumbuka.